Kadi Sita za Kijani

Siku Cornel Kihwele alipoonana na Penina Ndahani kwa mara ya kwanza, alikuwa mtu wa mia moja na kumi na nne kwenye foleni ya kupuliza.

Hema la upimaji lilikuwa limesimamishwa nje ya uzio wa saiti, kule Mtumba, ambako wizara zinaota juu ya udongo mwekundu kama vile mtu amezipanda. Vibarua, mafundi chuma, waendesha kreni na mama lishe walikuwa wamebanana humo tangu saa moja asubuhi wakisubiri kupimwa macho, masikio na mapafu. Upepo wa Julai ulikuwa unalipiga turubai makofi. Karatasi zinaruka, muuguzi anaita majina ambayo wenyewe hawayasikii. Wangesikiaje? Walikuwamo watu waliokaa miaka kumi kando ya mashine za kukata chuma, na siku hiyo ndiyo kwanza wanaambiwa kuwa wana masikio yanayostahili kupimwa.

Penina alisimama mwisho wa meza akigawa vibomba vya kupulizia. Alivaa reflekta ya bluu ya wasaidizi wa usalama, nywele amesuka twende kilioni ili kofia ngumu ikae vizuri, na viatu vyake vya chuma alikuwa amevifuta mpaka vinang'aa katikati ya vumbi lile. Alipoinua macho, hakuona kwanza sura ya Cornel, ingawa sura ilikuwepo, ndefu, yenye ndevu zilizochongwa vizuri. Aliona spana kiunoni mwake. Ilikuwa imefungwa kamba, mwisho mmoja kwenye spana na mwisho wa pili kwenye mkanda, ili ikimponyoka huko juu isimpasue mtu kichwa. Katika watu mia moja na kumi na nne, huyo alikuwa wa kwanza.

"Vuta pumzi, puliza mpaka nikwambie basi," Penina alisema.

Cornel akavuta, akapuliza, akacheka katikati.

"Umecheka. Rudia."

"Nitaachaje kucheka? Mhehe mzima naamrishwa na Mgogo nipulize, na mimi natii."

"Na mimi nikiona Mhehe kwenye foleni, nauliza mbwa wa mlinzi yuko wapi. Puliza, kaka, watu wanasubiri."

Foleni nzima ikaangua kicheko, kwa kuwa utani wa Wagogo na Wahehe, hasa ule wa Wahehe kula mbwa, hauhitaji kufafanuliwa Dodoma. Cornel akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Halafu akauliza ajaze nini pale penye nafasi ya mtu wa kupewa taarifa akipata ajali. Penina akamjibu aandike mtu wake wa karibu. Jioni, akipanga fomu ofisini, alikuta kwenye fomu ya Cornel namba ya simu yake yeye Penina, ile iliyobandikwa kwenye ubao wa saiti, na mbele ya neno "uhusiano" mtu ameandika kwa herufi nzuri za duara: *unatafutwa*.

Alicheka peke yake. Kisha moyo ukaingiwa baridi, kwa sababu alijua namba ile huwa inapigwa lini.

Penina hakuichagua kazi hii kwa kupenda reflekta. Baba yake, Mzee Ernest wa Kibakwe, alipasua mawe ya barabara kwa miaka kumi na mmoja bila hata kitambaa cha kufunga pua. Alipoanza kukohoa alitibiwa kifua kikuu mara tatu, na mara zote tatu hakuwa nacho. Ilipita miaka tisa ndipo daktari mmoja akamuuliza swali moja dogo: mzee, ulikuwa unafanya kazi gani? Lilikuwa vumbi la mawe lililomjaa mapafuni. Barabara ile ipo mpaka leo, ina lami safi, na jiwe la uzinduzi lina jina la mtu ambaye hakuwahi kushika nyundo. Penina alikuwa amelikariri jina lile. Alikuwa amekariri pia majina saba ya watu waliopasua mawe na baba yake, na watano kati yao wako makaburini.

Kwa hiyo alipofika mjini akabeba karai la zege miaka miwili, na kila jumba lilipoinuka alisoma mabango ya tahadhari ambayo wenzake walitundikia mashati. Akasoma kozi, akapata cheti cha kwanza. Sasa alikuwa msaidizi, na ili awe afisa usalama kamili alihitaji vitu vitatu: mafunzo ya siku nne ya kazi za juu yenye mtihani mwishoni, miezi kumi na miwili ya mazoezi iliyotiwa saini na meneja wa saiti, na usaili mbele ya jopo. Ilikuwa imebaki miezi minne.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Cornel alikuwa msimamishaji wa majukwaa, yale mabomba na mbao ambazo mafundi wanasimama juu yake kupiga ukuta lipu, na kila alipomaliza kufunga ghorofa moja alimpigia. Alimwita Afisa wangu. Alimuuliza kama akishapata cheo atakuwa anampokea kwa busu au kwa saluti. Jumapili alikuja Area D alikopanga Penina, amevaa shati la waridi lililonyooshwa mpaka mikunjo inakata, zabibu mkononi, na Penina alitoka kanisani na gauni lake la kitenge cha manjano, wakatembea taratibu kama watu wasio na saiti inayowasubiri kesho. Alimfundisha kulijua jukwaa kwa kulisikiliza: shika nguzo, itikise, chuma kilichokazwa kina sauti nzito, kilicholegea kinalia kama kijiko ndani ya kikombe. Penina alijifunza haraka. Lakini tangu alipoanza kumpenda, upepo ukawa adui yake. Ukivuma alfajiri, anaamka, anakaa kitandani, anahesabu viungo vya jukwaa ambalo liko kilomita kibao kutoka pale.

"Unanipenda au unanikagua?" Cornel alimuuliza siku moja kwenye simu.

"Sijajua tofauti," alisema Penina, na hakuwa anatania.

Pale saiti palikuwa na utaratibu mmoja ambao kila mtu aliujua, hata asiyejua kusoma. Chini ya ngazi ya kila jukwaa hutundikwa kadi. Nyekundu, usipande. Kijani, panda. Upepo mkali ukipita, kadi ya kijani inatolewa, jukwaa linakaguliwa upya kiungo kwa kiungo, na kadi mpya inatundikwa ikiwa na tarehe na saini ya mkaguzi wa siku hiyo. Mkaguzi alikuwa Penina. Afisa mkuu aliyepaswa kuwa juu yake alikuwa ameacha kazi tangu Machi, na meneja wa saiti, Injinia Damas, hakuona haraka ya kutafuta mwingine wakati binti wa watu anaifanya kazi hiyo hiyo kwa cheo cha msaidizi.

Mafunzo ya siku nne yalipotangazwa, Penina alikwenda kuomba ruhusa wiki mbili kabla. Damas hakumkatalia. Watu wa aina yake hawakatai. Alisema tu kwamba ruhusa ipo, ila majukwaa yasisimame hata saa moja, kwa hiyo ajue mwenyewe atafanyaje. Penina akauliza ni nani atakayekagua upepo ukivuma. Damas akarudia kuwa ajue mwenyewe, akaendelea na kompyuta yake. Alipofika mlangoni, akamkumbusha kwamba saini ya miezi kumi na miwili inatoka kwake.

Hapo ndipo Penina alipokosea, na kosa lake halikuwa la kitoto wala la mtu mvivu. Alichukua kadi sita za kijani, akazisaini zote, tarehe akaiacha wazi, akampa Cornel nyuma ya stoo. Ni nani mwingine angempa? Hapakuwa na mtu saiti nzima aliyeijua sauti ya chuma kuliko yeye.

"Usitundike hata moja kabla hujapita kila kiungo," alimwambia. "Kikilegea kimoja, acha nyekundu hata akija nani."

"Penina, mimi ndiye ninayeyapanda."

"Ndiyo maana nakupa wewe."

Siku tatu zikapita salama. Kila mapumziko ya mafunzo alimpigia, na Cornel akamsomea orodha: upande wa mashariki umekazwa, kadi imewekwa, mpenzi, kula chakula. Siku ya nne ndiyo ya mtihani. Alfajiri upepo ulivuma mpaka mabati ya jirani yakalia. Penina aliingia ukumbini na simu zikakusanywa kwenye boksi mlangoni. Swali la tatu lilihusu vifungo vinavyolishikiza jukwaa ukutani. Aliandika jibu lake vizuri.

Alipotoka, simu ilikuwa na miito kumi na saba. Yotham, fundi lipu, ameanguka upande wa kaskazini. Yuko hai. Nyonga imevunjika. Kadi ya chini ya ngazi ilikuwa ya kijani, na saini juu yake ilikuwa ya Penina Ndahani.

Alimpigia Cornel, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena na tena. Alipopokelewa hatimaye, hakuna aliyesalimia.

"Uliitundika wewe?" aliuliza.

"Niliitundika mimi."

"Ulikagua?"

Upepo ulikuwa unaingia kwenye simu ya Cornel.

"Ghorofa mbili za chini nilikagua. Ya juu ilikuwa imelegea vifungo viwili. Nilikuwa nakwenda stoo kuchukua vipya."

"Ukaweka kijani jukwaa likiwa limelegea." Sauti ya Penina ilikuwa ya chini, na ilikuwa mbaya zaidi kwa kuwa ya chini. "Damas alikuahidi usimamizi, si ndiyo? Watu wote wanasema mwezi ujao unavaa kofia nyeupe. Umeliuza jina langu ili uivae."

Angejitetea. Mtu yeyote angejitetea. Cornel alisema tu, "Sikiliza. Wakikuuliza, hujui kitu. Zile saini nimezighushi mimi. Nimeshaandika maelezo." Akakata, na baada ya hapo simu haikupatikana tena.

Asubuhi iliyofuata Damas alimwita ofisini, akamkaribisha kiti kwa mara ya kwanza tangu amjue. Alisikitika sana. Alisema yule kijana amekiri kughushi, ameshaondolewa kazini, suala liko wazi, na Penina ni mhanga kama wahanga wengine. Mkaguzi wa serikali anakuja kesho kutwa. Penina aandike mistari michache kwamba hakuziona kadi zile. Halafu akalivuta kitabu chake cha mazoezi kutoka kwenye droo, akatia saini miezi yote iliyobaki, hata mitatu ambayo ilikuwa haijafika, akakisukuma mbele yake. Hicho hapo. Afisa usalama kamili, amesafishwa, na kazi yake ilikuwa ni kunyamaza tu.

Alikichukua. Mkono uliokichukua ulikuwa wake, hakulazimishwa na mtu. Lakini hakukifungua, alikitia kwenye mkoba akaenda hospitali.

Yotham alikuwa amelazwa mguu umening'inizwa, midomo imekauka. Pembeni alikaa mkewe, Loisi, ametoka kijijini na khanga mbili, moja amejitanda, nyingine ameikunja mapajani. Penina aliwaamkia, shikamoo kwa kila mmoja. Loisi alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Penina ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Mume wangu hajui kusoma sana. Lakini jina lako analijua lilivyokaa. Aliniambia siku nyingi, pale saiti kuna msichana, nikiona amesaini sihangaiki kutazama juu, napanda." Alikunja khanga upya. "Sasa niambie, mwanangu. Ulisaini au hukusaini?"

Penina alifungua mdomo, na mistari michache ya Damas ikakaa pale ulimini tayari kutoka. Haikutoka.

Yotham ndiye aliyesema. Aliongea kwa vipande, akipumzika kati ya neno na neno. Alikuwa amesimama chini ya ngazi akisubiri, alisikia yote. Cornel alikataa. Alimwambia injinia upande wa kaskazini haupandwi mpaka vifungo vipya vije. Injinia akatoa simu, akasema vizuri tu, bila ukali, kwamba kama jukwaa halifunguliwi watu wapande basi anapiga ukumbini Penina atolewe kwenye mtihani arudi akague mwenyewe, na huo mtihani ataufanya mwakani kama atakuwa bado na kazi. Cornel akaitoa kadi mfukoni. Akasema kwa sauti watu wote wasipite ghorofa ya pili mpaka arudi, akakimbilia stoo. Hakuwa amefika stoo, injinia akaita kutoka chini: lipu ya juu inasubiri nini?

"Nikatazama kadi," Yotham alisema. "Ilikuwa kijani."

Penina alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alilia bila sauti, na hakujua analia kwa ajili ya nani: Yotham, au Cornel ambaye yeye alimtukana kwa simu, au yeye mwenyewe aliyetia saini hewa. Baba yake alizikwa akiwa hai ndani ya kifua chake kwa sababu kuna mtu mahali fulani aliandika kwamba machimbo yamekaguliwa. Mtu yule naye huenda alikuwa mwema. Huenda alikuwa na mtihani.

"Nilisaini, mama," alimwambia Loisi. "Nilisaini zote sita kabla upepo haujavuma."

Loisi hakumsamehe. Alitikisa kichwa tu, mara moja, kama mtu aliyepewa jibu la swali lake, akageuka kumpangusa mumewe midomo.

Jioni ile ile, jua likiwa bado juu ya kilima, alimkuta Cornel stendi, alikoelekezwa na mafundi wa saiti, begi liko miguuni, anangoja gari la Iringa. Shati lilikuwa lile la waridi, ila halijanyooshwa. Penina akamwambia kila alichoambiwa hospitali, na kwamba kesho kutwa atamwambia mkaguzi ukweli wote. Kwa mara ya kwanza alimwona Cornel akikasirika.

"Nimejichoma mimi ili wewe uvuke. Unataka kuniambia nimejichoma bure?"

"Nilikwambia uniokoe?"

"Mtu haambiwi."

"Nitavuka nikasimame wapi, Cornel? Nikatundike kadi nyingine, watu wapande kwa sababu ni jina langu?" Alimshika mkono wa shati. "Nilikuita mwuza jina. Nisamehe hilo. Lakini na wewe ulinifanya mtoto. Uliona bora Yotham apande kuliko mimi nirudie mtihani."

Cornel alitazama chini. "Nilifikiri dakika kumi," alisema. "Nilifikiri dakika kumi zinatosha, nirudi na vifungo."

"Najua."

"Naisikia sauti yake akianguka, Penina. Kila chuma kikigongwa."

Gari la Iringa likajaa likaondoka, na Cornel akawa bado amesimama pale, mkono wa shati umeshikwa.

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima aitwaye Dorothea, miwani puani, kalamu isiyotulia. Penina na Cornel walikwenda kwake pamoja. Penina aliweka mezani kitabu cha mazoezi, akafungua kurasa za miezi ambayo haijafika, iliyokwisha kutiwa saini, akaeleza nani aliisaini, lini na kwa sababu gani. Akaeleza kadi zake sita. Akaeleza afisa aliyeondoka Machi na nafasi yake iliyoachwa wazi. Cornel alifuta maelezo yake ya kwanza, akaandika mapya. Mama Dorothea alisoma yote mara mbili. Alimwambia Penina kwamba kama angenyamaza, pengine asingejulikana kamwe, na kwamba hilo halimwondolei kosa. Penina akajibu kuwa hakuja kuondolewa.

Hukumu ilikuja kwa barua. Damas alipewa onyo kali, kisha akahamishiwa saiti nyingine, mkoa mwingine, cheo kile kile. Yeyote aliyewahi kubeba karai angeweza kuibashiri barua hiyo kabla haijafunguliwa. Cornel alifungiwa kusimamia majukwaa mpaka asome upya na kupimwa. Penina alifutiwa mazoezi yote. Miezi tisa ya jasho lake ikawa si kitu. Aanze mwezi wa kwanza, saiti nyingine, chini ya afisa halisi. Mtihani wake tu ndio ulibaki. Alikuwa amefaulu, na swali la vifungo vya ukutani alipata alama zote.

Alianza upya Septemba, ghala linalojengwa upande wa pili wa mji, chini ya mwanamke mkali ambaye hakusaini kitu kabla ya kukigusa. Kila Jumamosi alipitia kwa Yotham, ambaye sasa alitembea kwa magongo. Wiki za mwanzo Loisi alimpokea mlangoni. Wiki ya sita alimpokea ndani.

Cornel alisoma, akapimwa, akarudishiwa kazi mwaka ulipogeuka, akaajiriwa Manyoni kwenye ujenzi wa tangi la maji. Simu zikawa ndefu na za uangalifu. Hawakurushiana utani kama zamani. Kila mmoja alimsikiliza mwenzake kama anayetikisa nguzo.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, upepo unavuma, simu ya Penina ikaita. Alitoka nje ya uzio kupokea.

"Penina," Cornel alisema, na nyuma yake palikuwa na mluzi mrefu, "nimewaambia wazee wa Iringa. Wanauliza waje Kibakwe lini. Nikawaambia bado sijakuuliza wewe. Basi nauliza."

Penina aliweka kiganja kifuani. Lakini masikio yake yalikuwa yameshika kitu kingine, ule mluzi, na sauti ya mbao ikijikunja.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Kazini."

"Cornel. Uko juu?"

"Ghorofa ya nne. Nimejifunga mkanda."

"Mkono mmoja una simu."

"Nilitaka nikuulize nikiwa naona mbali."

"Kata simu. Iweke mfukoni, ufunge zipu. Shuka kwa ngazi, mikono yote miwili."

Simu ikakatika. Penina alisimama kando ya barabara, vumbi linampita miguuni, malori yanapita, dereva mmoja anampigia honi. Alihesabu ngazi za ghorofa nne, akazihesabu tena kutoka mwanzo. Dakika tatu. Ghorofa nne hazichukui dakika tatu. Dakika tano. Alianza kuwaza ni namba ya nani iliyoandikwa kwenye fomu za Manyoni, na kama itaita ataweza kuipokea.

Ikaita. Ilikuwa ya Cornel.

"Nimeshuka," alisema, anahema.

"Miguu iko wapi?"

"Chini."

"Yote miwili?"

"Yote miwili, Penina. Niko kwenye mchanga."

Alifumba macho. Pumzi iliyotoka kifuani mwake ilikuwa ndefu kiasi kwamba Cornel aliisikia kutoka Manyoni.

"Haya," alisema. "Uliza sasa."